Fahamu: Mbio za kuteleza kwenye theluji Kitzbühel, na namna ya kuzitazama

Kila Januari, mji mdogo wa Kitzbühel nchini Austria hufurika mashabiki wa mbio za Hahnenkamm, zilizoanza mwaka 1931. Kivutio kikuu ni mteremko uitwao Streif.

Kwa nini Streif inaogopwa?

Ina urefu wa mita 3,312, na inaanzia mita 860 juu ya mstari wa kumalizia. Muda mfupi baada ya kuanza, mchezaji huruka hewani eneo la Mausefalle, penye mteremko mkali wa asilimia 85. Kasi huweza kufika kilomita 140 kwa saa.

Mtazamaji huona nini?

Wachezaji hushuka mmoja mmoja, wakishindana na saa. Wengi husimama kwenye eneo la kumalizia na kufuatilia sehemu za juu kwenye skrini kubwa. Muda ukiwaka kijani, mchezaji anaongoza. Ukiwa mwekundu, yuko nyuma. Ukisimama kando ya njia, nyuma ya nyavu, utamwona kwa sekunde chache tu, lakini utasikia skii zake zikikwaruza barafu, na hilo televisheni haikupi.

Ujiandae vipi?

Panda treni hadi kituo cha Hahnenkamm, karibu na eneo la kumalizia. Vaa nguo nzito na viatu visivyoteleza, maana utasimama kwa saa kadhaa. Usiondoke mapema: mwenye namba ya nyuma anaweza kuwapiku vinara, na hata anayefika wa mwisho anastahili kushangiliwa.