Je, Wajua Kwa Nini Bodi ya Sauti Hunong'ona?

Katika studio ya redio, sauti zote hukutana kwenye mikisa, na kila chombo kinachochomekwa humo hutarajiwa kuleta umeme wa kiasi maalumu kiitwacho kiwango cha laini. Tatizo ni kwamba viwango viko viwili: vyombo vya nyumbani hutoa takriban volti 0.3, ilhali vya studio hutoa volti 1.2, karibu mara nne.

Bodi ya sauti ya Teensy, ambayo hupachikwa juu ya mikrokontrola ya jina hilo, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja, hutumia chipu ya SGTL5000 kugeuza namba kuwa mawimbi ya umeme. Isipopewa amri nyingine, hutoa volti 1.29 kutoka bonde hadi kilele cha wimbi, ambazo multimita huzisoma kama 0.46 hivi, kwa hiyo mikisa ya studio hupata zaidi kidogo tu ya theluthi ya kile inachongoja, na hakuna kilichoharibika. Dawa ni amri moja ya programu, ingawa huwachanganya wengi kwa kuwa namba ndogo ndiyo huongeza sauti: 29 hutoa volti hizo 1.29, na 13 hutoa 3.16. Kukimbilia amplifaya kabla ya hapo ni kosa, kwani hukuza na mchakacho pia.

Kinachodanganya zaidi ni waya. Mikisa nyingi huwa na tundu linalotoa upande mmoja wa ishara kutoka kwa mwingine ili kufuta kelele zilizonaswa njiani. Plagi ya stirio ikiingizwa humo, sauti ya mtangazaji, iliyo sawa kushoto na kulia, hujifuta yenyewe, na hubaki mwangwi mwembamba.

Ili kutofautisha kosa la waya na la programu, programu huagizwa itoe mlio wa hezi 200 kwa nguvu zote, kisha tokeo hupimwa kwa multimita yenye kipimo cha volti 2 za mkondo geu, kwa sababu zile za bei rahisi huanzia volti 200. Ikisoma 0.46 waya ukiwa umechomolewa, na kushuka ukichomekwa, kosa liko kwenye waya au kwenye chombo kinachopokea, kwa mfano spika ya omu 8 iliyounganishwa moja kwa moja. Ikisoma kidogo tangu mwanzo, hesabu za programu ndizo za kukaguliwa, hasa pale zinapopunguza kila sauti hadi robo ili nne zichanganywe, hata kama inayosikika ni moja.