Bipe ya Namba Usiyoijua: Usirudishe!

Kwetu Wamaza bipe ni ujumbe: mtu hana yunite, anaomba umpigie. Njo desturi hiyo wezi wa simu wanaitumia. Mashine yao inapiga namba nyingi, inalia mara moja na kukata. Ukirudisha, simu inaenda ng'ambo kwa bei kali, na sehemu ya makuta yako inaingia kwa mwizi. Utasikia muziki ao "ngoja kidogo", na yunite zinaisha. Wajapani wanauita wizi huu wangiri, ni kusema: lia mara moja, kata.

Wakati wa kuuza mpunga na karanga, kila mtu anangojea simu ya mnunuzi. Basi, mbele ya kurudisha, angalia mwanzo wa namba. Kongo ni +243, Tanzania +255, Burundi +257. Ukiona +216, ile ni Tunisia: uko na ndugu kule? Mnunuzi wa kweli atapiga tena ao atatuma mesaji.

Andikeni namba za wanunuzi katika daftari ya koperative. Na kama umekwisha kurudisha, kata mara moja, funga namba ile, na uambie wenzako kwenye mkutano. Si haya, haya ni kunyamaza.