Refa Asimame Wapi?



Mechi ikiisha kwa ugomvi, neno la kwanza kusikika ni kwamba refa kala rushwa, au kaipendelea timu ya ndugu zake. Hiyo ni tuhuma nzito kumtupia mtu, na mara nyingi si kweli. Refa hakupendelea, bali hakuona, na hakuona kwa sababu alisimama pasipofaa. Basi katika makala hii tutaeleza, insha'Allah, mahali pa kusimama, ili anayechezesha ajirekebishe na anayetazama apime kabla ya kutuhumu.

Uwanja wa mpira una urefu wa mita 90 hadi 120. Hakuna macho ya mtu mmoja yanayouenea wote, na ndiyo maana wakawekwa washika vibendera wawili. Mwingereza Stanley Rous, aliyekuja kuwa rais wa FIFA mwaka 1961, anatajwa sana kuwa ndiye aliyeueneza mtindo wa refa kukimbia kwa mshazari, yaani kutoka karibu na pembe moja ya uwanja kuelekea pembe inayoikabili. Ukienda uwanja wa CCM Kirumba pale Mwanza, jizuie dakika tano tu usiutazame mpira, umtazame refa. Utauona mshazari huo waziwazi.

Wanafunzi wengi hutatizwa na jambo hili, kwa hiyo lifanyeni kwa miguu. Simama katikati ya uwanja ukilielekea goli moja. Mshika kibendera wa nusu hiyo yupo kwenye mstari wa mkono wako wa kulia. Geuka ulielekee goli la pili. Yule mwingine naye yupo kuliani kwako. Kwa hiyo mashambulizi yakienda mbele, wewe egemea kushoto, na mpira ubaki kati yako na mwenzako. Beki akivuta jezi upande wa kulia, mshika kibendera anaona. Akivuta upande wa kushoto, unaona wewe. Refa anayekimbia nyuma ya mpira moja kwa moja huona migongo ya wachezaji tu.

Tuje kwenye kuotea, ambako ndiko kwenye kelele nyingi. Mshika kibendera anatakiwa awe sambamba na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayojilinda (wa mwisho kwa kawaida ni golikipa), au sambamba na mpira ukiwa karibu zaidi na goli. Akipitiliza hata hatua moja, macho yanamdanganya. Sisi wa ziwani tunalijua hili. Mitumbwi miwili iliyotia nanga sambamba, ukiitazama kutoka ufukweni huku umesimama mshazari, mmoja utauona umetangulia. Vivyo hivyo, mshika kibendera akiwa ametangulia mbele ya beki, mshambuliaji wa upande wa mbali ataonekana ameotea na kumbe yupo sawa, na wa upande wa karibu ataonekana sawa na kumbe ameotea. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walilieleza hilo katika jarida la Nature: makosa mengi ya kuotea yalitokana na pembe aliyosimama mwamuzi.

Hata wakubwa yamewafika. Katika Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, Frank Lampard wa Uingereza aliwapiga Wajerumani shuti la mbali. Mpira ukagonga mwamba, ukavuka mstari, ukarudi. Mshika kibendera hakuwa kwenye mstari wa goli, na goli likakataliwa mbele ya dunia nzima. Mwaka 2012 mitambo ya kutambua goli ikaruhusiwa.

Kwa dada zetu wa netiboli, waamuzi ni wawili na wote hukaa nje ya uwanja, kila mmoja na nusu yake, wakitembea kando ya mstari. Na anayedhani filimbi ya mpira wa miguu ni ya wanaume peke yao, amkumbuke Jonesia Rukyaa wa Kagera, ng'ambo ya ziwa, aliyechezesha Simba na Yanga mwaka 2016.

Huku kwetu Kigongo mara nyingi refa ni mmoja na filimbi yake. Huyo asikae katikati. Shambulio likianza, atoke pembeni kidogo awatazame mabeki kwa ubavu, kisha aingie karibu na boksi mpira ukifika huko. Akipata vijana wawili wa kushika vitambaa, awaambie waoneshe mpira uliotoka nje tu, kuotea amwachie yeye. Kwenye kona asimame mahali anapoona golikipa na msongamano wa wachezaji kwa pamoja. Kwenye penalti, kijana mmoja akae kwenye mstari wa goli, pale unapokutana na mstari wa boksi, aangalie miguu ya golikipa na kama mpira umevuka. Refa mwenyewe aangalie wanaoingia boksi kabla ya mpira kupigwa.