MAKELELE NDANI YA FOTO: TUCHAGUE PROGRAMU GANI?



Wengi kati yetu wanapiga foto usiku, kwaya ikiimba ao siku ya Noeli. Foto inatoka na vidoto vyekundu na vya kijani, zaidi kwenye nyuso. Wenye kujua kazi hii wanaviita makelele. Leo tunataka kueleza yanatoka wapi, na namna ya kuchagua programu ya kuyapunguza bila kuharibu uso wa mtu.

Mwangaza unaingia katika kamera kama matone ya mvua, punje kwa punje. Katika fizika punje hizo zinaitwa fotoni. Kama nukta moja ya foto inapokea punje 10.000, hesabu inayumba kwa 100 hivi, ndiyo 1 kwa 100. Jicho halioni kitu. Lakini ikipokea punje 100 tu, inayumba kwa 10, ndiyo 10 kwa 100. Hayo ndiyo makelele. Ngozi nyeusi inarudisha mwangaza kidogo kuliko ukuta mweupe, njo maana nyuso zetu zinaumia zaidi. Kupandisha ISO hakuleti mwangaza mupya. Kunakuza kile kilichopokelewa, pamoja na makelele yake.

Sasa kila programu inapaswa kuamua: hii ni kelele, ao ni kitu cha kweli? Ikisafisha sana, uso unakuwa kama plastiki: chale, ndevu changa na makunyanzi ya mzee vinapotea. Programu za akili bandia zimefundishwa kwa foto mingi sana. Pale ambapo foto haina habari, zinaweza kuweka kitu zinachofikiri kingekuwa pale. Uso unapendeza, lakini si wa mtu yule.

Basi, mbele ya kuchagua, tuulize maswali mane:

1. Bei ni gani? GIMP, RawTherapee na darktable ni za bure, na zikisha kuingia katika ordinatere zinatumika bila intaneti. Lightroom ya Adobe ilipata akili bandia ya kuondoa makelele mwaka 2023, lakini inalipiwa, na kazi ile inaomba ordinatere ya nguvu.

2. Inafungua RAW, ndiyo foto mbichi jinsi kamera ilivyoipokea? RawTherapee na darktable zinafungua. Tena darktable inajua vipimo vya makelele vya kamera nyingi, kwa kila ISO. Lakini foto ya JPEG ya telefone imekwisha kusafishwa na telefone yenyewe. Muiguse kidogo tu.

3. Inatenga makelele ya rangi na makelele ya mwangaza? Ya rangi munaweza kuyaondoa sana bila hasara kubwa. Ya mwangaza muyapunguze polepole, sababu alama za uso zinakaa humo.

4. Inaacha uso jinsi ulivyo? Mukuze foto mpaka 100 kwa 100, mutazame kope, nywele, na maandishi ya kitambaa. Mulinganishe na foto ya kwanza.

Mara nyingine programu haina kazi. Foto ikipunguzwa kwa ajili ya karte, nukta zinaungana na makelele yanashuka yenyewe. Na kama kitu hakitikisiki, mupige foto 4 na kamera isiyosogea, kisha programu izichanganye kuwa moja: makelele yanabaki nusu.

Jamaa nyingi kwetu ziko na foto moja tu ya babu ao ya ndugu aliyekufa. Siku ya kilio, njo ile inawekwa mbele ya watu. Ni vizuri uso ubaki na vidoto, wajukuu wamujue babu yao, kuliko kuwapa uso safi wa mtu mwingine. Kwa hiyo tunawaomba: mutumie programu kwenye kopi, na foto ya kwanza muichunge siku zote.