Bwana Nathan Straus na Maziwa ya Watoto

Wako watu wasemao kwamba maziwa ni chakula safi kupita vyote, wala hayawezi kumdhuru mtoto. Sisi twakubali kuwa maziwa ni chakula bora, lakini twasema pia kuwa yaweza kuwa njia ya mauti. Ili neno hili lieleweke vema, twataka kuwasimulia habari za mfanya biashara mmoja Myahudi aliyehamia Marekani akiwa mtoto, akatajirika, kisha akatumia mali yake nyingi kupigana na adui asiyeonekana kwa macho.

Jina lake lilikuwa Nathan Straus. Alizaliwa tarehe 31 Januari 1848 katika mji mdogo wa Otterberg, Ujerumani, sehemu iliyotawaliwa siku zile na mfalme wa Bavaria. Baba yake, Lazarus, alikuwa miongoni mwa waliounga mkono mapinduzi ya mwaka ule. Mapinduzi yaliposhindwa, akaona hana nafasi tena kwao, na mwaka 1852 akavuka bahari. Alipofika Georgia, kusini mwa Marekani, alikuwa mchuuzi wa kuzunguka mashambani na bidhaa zake; baadaye akafungua duka katika mji wa Talbotton. Mwaka 1854 mkewe na watoto wakamfuata.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka 1861 hata 1865, viliharibu biashara ya nchi ile yote. Kabla ya vita Lazarus alikuwa amekopa bidhaa kwa wenye maduka wa New York. Angaliweza kusingizia vita na kuyasahau madeni yale. Lakini amani iliporudi alikwenda kwa wadai wake akawaahidi kulipa, naye akalipa. Kisha akafungua New York duka la vyombo vya udongo na vya kioo pamoja na wanawe. Jina jema likawa mtaji wao. Mwaka 1874 walipata nafasi ya kuuza vyombo vyao katika chumba cha chini cha duka kubwa la R. H. Macy, mwaka 1888 Nathan na kaka yake Isidor wakawa washiriki katika duka lile, na mwaka 1896 likawa mali yao kabisa.

Basi sasa twaja kwenye habari ya maziwa. Katika miaka ile watoto wachanga wa maskini wa New York walikufa kwa wingi, hasa wakati wa joto, kwa kuhara. Maziwa yalitoka mbali kwa gari la moshi, yakakaa masaa mengi bila kupozwa, yakateuliwa kwa kata katika madebe yaliyo wazi, na wauzaji wengine waliyatia maji. Tena ng'ombe wengine walikuwa na kifua kikuu, na ugonjwa huo huweza kupita katika maziwa na kumwingia anywaye. Bwana Straus na mkewe Lina walijua uchungu wa msiba, kwa maana wao wenyewe walifiwa na watoto wawili wadogo.

Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alikuwa amekwisha onyesha kwamba vijidudu huharibu vinywaji, na kwamba moto wa kiasi huviua. Njia yenyewe ni hii: maziwa hupashwa moto bila kuchemka, hushikwa katika joto hilo kwa muda, kisha hupozwa upesi na kufunikwa. Kanuni iliyoenea baadaye ilikuwa digrii 63 za Sentigredi kwa nusu saa. Vijidudu vya maradhi hufa, na ladha ya maziwa haibadiliki sana.

Mwaka 1893 Bwana Straus alifungua New York kituo chake cha kwanza cha kuuza maziwa yaliyotengenezwa hivyo. Yalitiwa katika chupa ndogo, kila moja kiasi cha kumtosha mtoto mara moja, ili yasibaki ya kuharibika. Bei ilikuwa chini ya gharama yake, na asiye na kitu alipewa bure. Mwaka huo huo biashara ilianguka na watu wengi wakakosa kazi. Naye akawapatia maskini makaa ya mawe na chakula kwa bei ndogo sana, ili mtu apate msaada bila kuona haya ya kuomba.

Ushahidi mkubwa ulitoka Randall's Island, kisiwa cha New York kilichokuwa na makao ya watoto yatima na waliotupwa. Kati ya watoto 100, yapata 44 walikuwa wakifa. Maziwa yao yalipoanza kupashwa moto mwaka 1898, wakafa yapata 20. Ng'ombe hawakubadilishwa; kilichobadilika ni moto tu.

Hata hivyo alipingwa. Madaktari wengine walisema moto huondoa nguvu ya maziwa, na kwamba yatosha kukagua ng'ombe na mazizi. Tena mwaka 1901 Robert Koch, mtaalamu mkuu wa Ujerumani, alisema kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa watu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa alikosea. Bwana Straus hakuchoka. Alifungua vituo katika miji mingine ya Marekani, na hata Ujerumani alikozaliwa. Mwaka 1908 Chicago ikatunga amri ya kupasha maziwa moto, na mwaka 1914 New York ikalazimisha vivyo hivyo.

Mwaka 1912 kaka yake Isidor na mkewe Ida walizama na meli Titanic. Tangu siku zile Nathan aliiacha biashara kidogo kidogo, akatoa sehemu kubwa ya mali yake. Mwaka 1929 jumba la afya alilolijenga yeye na mkewe lilifunguliwa Yerusalemu, kwa watu wa dini zote na makabila yote. Alifariki New York tarehe 11 Januari 1931.

Wasomaji wetu, si kila mtu aweza kujenga jumba la afya, wala hatuna sote kipimo cha joto. Lakini sufuria na kuni tunazo. Ziwa la mama ndilo bora kwa mtoto mchanga. Lakini maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi yachemsheni mpaka yapande juu, kisha yafunikeni katika chombo kilichooshwa kwa maji ya moto. Wapendao maziwa ya mgando wayachemshe kwanza, ndipo wayagandishe, kwa maana ukali wa mgando hautoshi kuua kila kijidudu. Na mzee akisema kwamba babu zetu waliyanywa mabichi wakaishi, tumjibu kwa heshima: twawaona walioishi, waliokufa wangali wachanga hawapo kutoa ushahidi.