Sindano ya Saratani kwa Mbwa: Inaponya, Lakini Ina Masharti

Tangu tuanze kuzisaidia kamati za parokia kuendesha siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, swali moja limekuwa likiturudia. Mwenye mbwa anapomshika mnyama wake ili achanjwe, huona kwenye sehemu za siri uvimbe mwekundu mfano wa koliflawa, unaodondosha damu. Huuliza kama ni kaswende ya mbwa na kama ina dawa. Wanakamati nao hutuandikia wakitaka kujua kama wanaweza kuombea fedha dawa hiyo. Tunajibu katika toleo hili, kwa sababu dawa ipo na inaponya, lakini si dawa ya kuingizwa kijijini kama dawa ya minyoo.

Ugonjwa huo ni saratani, na tofauti na saratani tulizozizoea, hii huambukizwa. Seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wanapopandana, au wanaponusana na kulambana, ndiyo maana uvimbe huonekana pia puani na mdomoni. Wanasayansi waliolinganisha vinasaba vya uvimbe huo kutoka nchi nyingi walieleza mwaka 2019 kwamba wote una asili moja: mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mbwa yule alikufa zamani, lakini saratani yake bado inatembea. Binadamu haambukizwi. Huonekana zaidi pale mbwa wanapozurura bila kuhasiwa, yaani karibu vijiji vyetu vyote.

Dawa inayotumika zaidi ni vinkristini. Asili yake ni ua dogo la waridi au jeupe lililotoka Madagaska, ambalo wengi wetu tumelipanda mbele ya nyumba bila kujua. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1963 kwa matibabu ya binadamu, na hadi leo watoto wenye saratani ya damu hupewa hiyo hiyo. Mbwa huchomwa sindano mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki 4 hadi 8. Walio wengi hupona kabisa, jambo ambalo si la kawaida katika matibabu ya saratani ya mnyama yeyote.

Kazi ya vinkristini ni kuziharibu nyuzi ndogo zinazoivuta seli igawanyike kuwa mbili. Seli ya saratani hugawanyika mara kwa mara, hivyo huumia kwanza. Lakini dawa haina macho. Seli za utumbo nazo hugawanyika haraka, kwa hiyo katika siku za mwanzo mbwa aweza kutapika, kuharisha au kukataa chakula. Wengine hufunga choo, kwa kuwa dawa hugusa pia mishipa ya fahamu. Hatari kubwa zaidi iko ndani ya mifupa, kwenye uboho, ambako damu hutengenezwa. Siku chache baada ya sindano, mara nyingi kabla wiki haijaisha, chembechembe nyeupe za damu hupungua, na mbwa hubaki bila askari wa kumkinga. Akipata homa siku hizo na kulala bila kuinuka, hilo si jambo la kusubiri sindano ijayo. Aonwe na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo damu hupimwa kabla ya kila sindano, na chembechembe zikiwa chache mno, sindano huahirishwa.

Wafadhili wetu wa ng'ambo huuliza sana kuhusu manyoya. Kwa mbwa wengi hayanyonyoki, kwa kuwa hayakui mfululizo kama nywele zetu. Poodle na wenzake wa aina hiyo ndio hunyonyoka. Mbwa wa uzao wa collie wana tahadhari kubwa zaidi: baadhi yao wamerithi kasoro inayowafanya wadhurike vibaya kwa kipimo ambacho mbwa mwingine angekistahimili.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Katika parokia moja tulilipia dawa, lakini hatukulipia safari za daktari wa mifugo za wiki zilizofuata. Sindano ya tatu ilichomwa na mtu mwenye nia njema asiyekuwa na ujuzi, sindano ikachomoka mshipani, dawa ikamwagika chini ya ngozi. Vinkristini nje ya mshipa huozesha nyama. Uvimbe wa saratani ulikuwa umekwisha nywea, lakini mguu wa mbele wa mbwa yule ulikuwa na kidonda hadi mfupani, na mwenye mbwa alitulaumu. Alikuwa na haki.

Tumeulizwa pia kama dawa nyingine za saratani za hospitali zinaweza kutumika badala yake. Jibu ni kwamba kila mnyama ana udhaifu wake. Doksorubisini ikilimbikizana huudhuru moyo wa mbwa. Siklofosfamidi aweza kukojoa nayo damu. Sisplatini, ambayo mbwa hupewa kwa uangalifu, humuua paka kwa kumjaza maji mapafuni. Na dawa hizi hazifai kwa ng'ombe na mbuzi ambao nyama na maziwa yao ni chakula chetu. Ng'ombe mwenye saratani ya jicho hukatwa uvimbe ukiwa bado mdogo, basi.

Jambo ambalo kamati husahau ni watu wa nyumbani. Dawa hutoka kwa mbwa kupitia kinyesi na mkojo, hasa katika siku 2 au 3 za kwanza. Siku hizo afungwe mahali pake, mbali na wanapochezea watoto; kinyesi na matapishi viondolewe kwa glovu na kufukiwa. Mama mjamzito au anayenyonyesha asifanye kazi hiyo wala asishike chupa ya dawa. Tunajua kwamba katika nyumba nyingi anayefagia uani ni mama au binti, kwa hiyo jambo hili lisemwe kwa mwenye nyumba waziwazi kabla ya sindano ya kwanza.

Kuanzia sasa, ombi la parokia litakalotufikia tutaliangalia kwa mambo haya: jina la daktari wa mifugo aliyekubali kuja wiki zote, mahali damu itakapopimiwa, na fedha za glovu na usafiri kando ya fedha za dawa. Kamati isiyoweza kuyatimiza itumie fedha hizo kuhasi mbwa siku ya chanjo. Mbwa aliyekwisha ugua hataponywa kwa kuhasiwa, lakini wenzake wasiopandana naye hawataipata saratani yake kwa njia hiyo.