Pikipiki iliyotumika: ya zamani au ya karibuni?

KWA mkulima wa kahawa wa Namswea, wilayani Mbinga, fedha nyingi huja mara moja kwa mwaka. Akinunua pikipiki mbovu, mauzo ya msimu mzima huishia kwa fundi.

Chukua mfano wa Honda XL 125 ya zamani na Boxer 150 ya miaka ya karibuni. XL ilitengenezwa kwa ajili ya njia mbaya: gurudumu la mbele ni la inchi 21 na shokapu zake ni ndefu, hivyo hupanda vizuri milima ya Umatengo. Tatizo ni vipuri. Pistoni ikiharibika, unaweza kusubiri wiki kadhaa huku kahawa iko stoo.

Boxer ina magurudumu ya inchi 17, lakini vipuri vyake vimeenea na mafundi wengi wanaijua. Hatari yake ni kwamba huenda ilikuwa bodaboda, na kubeba abiria kutwa huichosha mapema.

Kwa hiyo usiangalie mwaka peke yake. Iwashe injini ikiwa imepoa. Moshi wa buluu ni dalili kwamba inakula oili. Kagua kama fremu imechomelewa, hasa karibu na keria. Linganisha namba za chesisi na injini na zilizo kwenye kadi, kisha kamilisheni uhamisho wa umiliki TRA kabla hujamaliza malipo.

Kama hujui pa kupata vipuri vya XL, chukua Boxer iliyotunzwa.